Ng'ombe Haelezwi

Mukashema aliposema "ni muzuri," mdomo ulikubali na tumbo likakataa, na tangu pale hakupata tena mahali pa kutulia.

Walikuwa Mbarara, sokoni, yeye na jirani yake Eugénie, wamesimama mbele ya magunia ya mchele. Jumamosi Eugénie alikuwa anamwoza binti yake Eliane kwa seremala mmoja wa Biharwe aitwaye Ulrich, na karamu ingefanyika nyumbani kwa bibi harusi, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Shughuli za harusi humtoa mtu akili, kwa hiyo Eugénie alimwomba Mukashema amsindikize mjini, na Mukashema naye alikuwa na samli ya kumpelekea mteja wake. Sasa Eugénie alikuwa amezamisha mkono kwenye gunia hadi kiwikoni, anatafuta mawe.

"Nyabo, mama, wewe nunua ama toa mkono," mwenye duka alisema. "Mchele yangu hapana shamba ya kulima."

"Nikitoa mkono, nitatoa na mawe yako," Eugénie akamjibu, na wote wawili wakacheka. Kisha akamgeukia mwenzake, macho yanang'aa. "Mama Muhirwa! Sikukuambia. Nyama hatutatafuta fasi ingine. Baba Eliane alisema tutachinja ile ngombe mulitupatia. Bihogo! Na mzee wako atakaa mbele, karibu na pasta, yeye njo atakula wa kwanza. Batu yote baone kama siye na ninyi hatuna tena problème."

Alisema hivyo kwa furaha tupu, bila chembe ya hila, na hilo ndilo lililomfunga Mukashema ulimi. Adui angejibiwa. Utamjibu nini mtu anayekuchinja huku anakukumbatia?

"Ni muzuri," Mukashema akasema. Akatabasamu pia, Mungu amsamehe.

Inafaa nieleze, maana wao wenyewe hawakuelezana.

Mwaka uliotangulia, mahindi ya Laurent, mume wa Eugénie, yalikuwa yameanza kukauka kwenye mabua. Alfajiri moja ng'ombe wa Nehemiya, mume wa Mukashema, wakapita uzio wa miiba na kuyala yote mpaka shamba likawa uwanja. Laurent alikuja na jembe begani, akapiga kelele mpaka watu wakatoka kwenye nyumba za mbali. Watu wa Laurent ni wakulima wa bonde la Ruzizi. Kwao mtu akikasirika husema, akimaliza kusema huomba maji ya kunywa, na jioni mnaweza kumwona anakula na yule aliyekuwa anamtukana asubuhi. Nehemiya ni mfugaji wa milima ya Minembwe. Kwao mtu akikasirika huongeza adabu. Laurent alivyozidi kupaza sauti, ndivyo Nehemiya alivyozidi kumwita "ndugu yangu mpendwa," na Laurent akaona anadharauliwa.

Walikuwa wanasali kanisa moja, kwa hiyo Pasta Bonaventure akawaita. Aliomba sana, mpaka watoto wakasinzia kwenye mabenchi. Alipofika amina, Nehemiya akasimama na kusema, "Ninampa Laurent mtamba wangu, Bihogo." Basi. Akaketi. Laurent akampa mkono, akina mama wakapiga vigelegele, wimbo ukaanzishwa, na katikati ya wimbo ule hakuna aliyeuliza ng'ombe yule alikuwa ng'ombe wa nini.

Kwa Nehemiya, ng'ombe anayetolewa hivyo hafidii kitu. Anafunga nyumba mbili pamoja. Aliyepewa huja siku moja na watu wake, amebeba kinywaji, na kwa watu wa kanisa chai inatosha, anashukuru kwa kupewa ng'ombe mbele ya wote. Tangu hapo akitaka kula yamini, anaapa kwa jina la aliyempa. Ng'ombe akizaa na kuzaa, siku moja ndama mmoja hurudi. Na aliyetoa hakumbushi wala haelekezi. Ng'ombe haelezwi, wazee wao husema. Ukimweleza umemrudisha zizini kwako.

Kwa Laurent, mahindi yaliliwa, ng'ombe akaja, wakawa sawa. Nani humbebea chai mtu aliyefidia shamba alilokuharibia? Ukimsikiliza kila mmoja peke yake utakuta ana haki, na hilo ndilo linaloudhi.

Nehemiya alingoja shukrani yake mwaka mzima. Kila Jumapili mchana alikuwa anakaa nje na shati safi, na Laurent alikuwa anapita barabarani, anapunga mkono, anakwenda zake. Kila alipopita, Nehemiya alizidi kuwa mpole. Mukashema alikuwa anauona upole ule unavyojaa. Kimya kingi kina mshindo, na yeye ndiye angekuwa karibu siku ya mshindo.

Njiani kurudi kutoka sokoni, Mukashema hakusikia neno. Gari lilipita Masha, migomba pande zote mbili, na Eugénie akawa anapanga nani atapika, nani atateka maji, Mukashema anaitikia kama mtu wa kanisani. Alijua vizuri angepaswa kusema. Lakini aseme nini? "Usimchinje" ni kurudisha ng'ombe. "Mume wangu ataumia" ni kumvua mume nguo sokoni. Na juu ya yote, huyu alikuwa Eugénie. Mukashema alipofika Nakivale na homa, mwanawe Muhirwa mgongoni, asiyemjua hata mtu mmoja, Eugénie ndiye aliyeingia kwenye hema lake bila kubisha hodi, na uji, na maneno mengi. Hakuwa na dada mwingine upande huu wa mpaka. Laurent na Nehemiya wakikata urafiki, nani angewaacha wake zao waketi jiko moja?

Alikumbuka hata siku unga ulipowaishia wote wawili kabla ya mgao. Mukashema alikuwa ameinua macho, akaona mashada ya mahindi yananing'inia kwenye mti uliolazwa juu ya moshi wa mafiga ya Eugénie, akanyoosha mkono. Eugénie aliupiga ule mkono kama wa mtoto. "Ile ni mbegu! Mbegu haikuliwake. Mutu anakula mbegu, huyo amekwisha." Walilala na njaa chini ya mahindi yale. Mukashema alifikiri ni ukaidi wa wakulima, akausahau.

Ijumaa alisukasuka maziwa kwenye kibuyu mpaka mabega yakauma, na siagi ikakataa kushika. Akamwaga chumvi. Akamgombeza kuku. Aliweka maji motoni, akasahau kwa nini, akayatoa.

"Una nini?" Nehemiya akamuuliza. Nyumbani walisema lugha yao ya milimani, na katika lugha hiyo Nehemiya hakupoteza neno hata moja.

"Hakuna."

Nehemiya alikuwa ameketi mlangoni anaipaka fimbo yake samli, polepole, mpaka ikang'aa. Koti lake la sherehe lilikuwa limeanikwa kwenye uzio. "Laurent amenitumia habari," akasema. "Anataka nikae mbele. Karibu na pasta."

"Nimesikia."

"Mtu hakuweki mbele bure." Akatazama fimbo. "Nadhani kesho atanishukuru kwa ng'ombe wangu. Mbele ya watu wote. Nimekuwa nikimhukumu ndugu yule, Mukashema. Nilifikiri hana adabu, kumbe alikuwa anangoja siku kubwa."

Akatabasamu. Mukashema hakuwa ameliona tabasamu lile tangu mahindi yalipoliwa. Akaenda nyuma ya nyumba, akashika uzio kwa mikono miwili, akataka kulia na machozi hayakuja. Mume wake angekwenda kesho kupokea heshima, na wangemletea heshima yake kwenye sahani, na mchuzi.

Jumamosi aliondoka kabla jua halijachomoza vizuri, amebeba kibuyu cha maziwa kama mtu anayepeleka mchango wa harusi. Alitembea, halafu akakimbia, maziwa yanamrukia kifuani. Alipofika kwa Laurent, masufuria yalikuwa tayari juu ya moto, Eliane amesukwa nusu ya kichwa, na chini ya turubai vijana wawili walikuwa wananoa visu. Bihogo alikuwa amefungwa kwenye nguzo, mwekundu wa kukolea, anatafuna. Alikuwa amenenepa. Walikuwa wamemtunza vizuri, jambo ambalo Mukashema hakulitarajia, na lilimzidishia uchungu.

"Mama Muhirwa! Umekuja mapema, njo rafiki huyo," Eugénie akasema.

Na Mukashema, mwanamke ambaye jirani zake walikuwa hawajui sauti yake ikoje ikipaa, akapiga kelele.

"Mufungue ngombe!"

Visu vikanyamaza. "Nini?" Eugénie akauliza.

"Mufungue! Hakuna mutu atachinja hii ngombe! Ngombe ya urafiki habaichinjake! Munataka kumulisha bwana yangu urafiki wake mwenyewe? Anangojea mwaka muzima mukuje kumwambia merci, anavaa shati kila Jumapili, na ninyi munanoa visu!" Kifuniko cha kibuyu kikaanguka.

Eugénie alishangaa kwanza, kisha akaweka mikono kiunoni. Kelele alikuwa anazijua. Hapo alikuwa nyumbani kwao.

"Na sokoni? Juu ya nini haukusema sokoni? Nilikuambia uso kwa uso, ukasema ni muzuri! Ukacheka na miye! Leo, siku ya mariaje ya mutoto wangu, moto imekwisha waka, batu bako njiani, leo njo unapata mudomo?"

"Ulipaswa kujua!"

"Nijue namna gani? Mulitupatia ngombe, hamukutupatia akili yenu!"

"Kwetu ngombe habaielezake!"

"Basi mukae nayo kwenu!"

Laurent akatoka nyumbani na suruali mpya na fulana, nusu mwenye harusi nusu mchinjaji. Hakupiga kelele. Hilo peke yake liliwatisha waliomjua.

"Mama Muhirwa, unisaidie kidogo. Hii ngombe si ya mahindi?"

"Ni ya urafiki."

"Sawa. Ya urafiki. Basi mahindi yangu nani alirudisha?"

Mwaka mzima Mukashema alikuwa amehesabu kosa la Laurent la kutoshukuru, na hakuna hata Jumapili moja alipojiuliza swali hilo. Akasikia uso unawaka.

Wakati huo huo Nehemiya akaingia. Sauti ya mkewe ilikuwa imemfikia nyumbani, akafikiri kuna mtu amekufa. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe, fimbo inang'aa mkononi. Akaona visu. Akamwona Bihogo kwenye nguzo. Akaelewa, na uso wake ukatulia taratibu, ukawa mpole kuliko siku zote.

"Habari ya asubuhi, ndugu zangu wapendwa," akasema. "Mke wangu amewasumbua siku ya furaha. Mumusamehe. Ngombe ni yenu, mufanye kazi yenu. Mungu abariki batoto." Akavua kofia, akainama kidogo, akageuka aende.

Laurent alishusha pumzi. Eugénie pia. Walidhani yameisha. Ni Mukashema peke yake aliyejua wamekwisha kukatwa: Nehemiya hangevuka tena uwanja ule mpaka kufa kwake, na angewasalimia njiani kila siku ya Mungu, vizuri sana.

Akamkimbilia, akasimama mbele yake, akamshika koti. Mke wa watu hamshiki mumewe koti mbele ya wageni. Alilishika kwa mikono miwili.

"Huendi," akamwambia kwa lugha yao. "Nimekwisha kukuaibisha, acha nimalize. Rudi umuulize walikula nini."

"Nani?"

"Hawa. Msimu ule, ng'ombe wako walipomaliza. Muulize. Hatukuwahi kuuliza."

Alimtazama mkewe kama anamwona kwa mbali. Kisha, pengine kwa sababu adabu haimruhusu mtu kukataa swali dogo, akageuka.

"Ndugu Laurent. Ile wakati mahindi iliisha. Mulikula nini?"

Laurent, mtu wa maneno, akatazama miguu yake. Eugénie akajibu kwa ajili yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa.

"Tulikulaka mbegu."

Nehemiya akangoja, kama mtu anayefikiri sentensi haijaisha. Kwake mbegu ni mahindi kama mengine. Lakini Mukashema aliona ule mkono wake mwenyewe ukipigwa juu ya mafiga. Aliona pia jambo alilokuwa ameliona mwaka jana akalipita: ule mti juu ya moshi wa Eugénie, mtupu. Alikuwa ameketi chini yake mara ngapi, anakunywa chai, anaona ni mti tu. Na rafiki yake wa maneno mengi hakuwa amesema neno. Kumbe hata wao wana jambo lisiloelezwa.

"Wao hawali mbegu," akamwambia mumewe. "Wanalala na njaa chini yake, nimelala nao. Eugénie kula mbegu zake ni sawa na wewe kumchinja Bihogo. Walichinja kabla yetu, Nehemiya. Wakachinja peke yao, na kesho yake wakatupungia mkono."

Mtu mmoja akachochea moto kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Mukashema hakungoja. Angengoja, angerudi kuwa Mukashema wa sokoni. Akamgeukia Laurent na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata waliokuwa kisimani wangeisikia: "Mutachinja dume yetu. Ile kubwa. Ile njo ya mahindi. Hiyo munaweza kukula, haina neno. Bihogo abakie."

Wanawake wakaguna. Mwanamke hagawi ng'ombe. Hata wakulima walijua hilo.

Nehemiya akavaa kofia yake, akaondoka.

Basi wakangoja. Laurent akazunguka uwanja. Eugénie akaingia jikoni, akatoka, akaingia. Vijana hawakujua wanoe au waache. Mukashema alisimama karibu na nguzo, mkono kwenye shingo ya Bihogo, anaangalia njia, anajiambia: amekwenda kulala, amekwenda Endiinzi kwa rafiki zake wafugaji, hatarudi, nimeua nyumba mbili asubuhi moja. Jua likapanda. Eliane, na nusu yake ya nywele, akaanza kulia kimya.

Kisha wakaona fimbo, halafu koti, na nyuma ya koti dume jeusi linavutwa kwa kamba, linakataa kila hatua. Nehemiya akamkabidhi Laurent kamba.

"Hii ni ya mahindi," akasema. Neno lililofuata lilimwia vigumu, mtu angedhani anang'olewa jino. "Na ile ingine... ile ya kwanza... ile unakuja kwangu. Na chai. Unashukuru. Njo ngombe yetu inavyofanyaka."

Alikuwa amemweleza ng'ombe. Mukashema akatazama pembeni.

Harusi ilifanyika, ilichelewa, na wageni wa Biharwe wakalalamika kama kawaida ya wageni. Nehemiya alikaa mbele na kula dume lake bila shida. Eugénie alimpita Mukashema mara kadhaa na masinia bila kumwangalia, mara ya mwisho akainama, akamnong'oneza, "Ukiniambia tena 'ni muzuri,' nitajua unanitukana." Mukashema akamwambia na yeye aseme mti wake ukiwa mtupu. Hawakucheka. Lakini Eugénie alimwachia sinia zima. Jioni Laurent akasimama kuwashukuru watu, akafika katikati akataka kuapa, akatafuta neno, na akasema, "Nehemiya alinipa ngombe!" Alilisema vibaya, mahali pasipo pake, na wakulima wenzake hawakujua ni kiapo. Wafugaji wachache waliokuwepo waliinua vichwa wote kwa pamoja.

Waliporudi nyumbani jua lilikuwa linazama upande wa ziwa. Nehemiya alitangulia, Mukashema nyuma, kama siku zote. Alitazama mgongo wa koti, akangoja upole uanze. Alijua utakuja: "mke wangu mpendwa," na maji ya kunawa yanayoombwa kwa unyenyekevu, juma baada ya juma.

Nehemiya akasimama njiani. Hakugeuka.

"Umetoa dume langu mbele ya watu bila kuniuliza," akasema. "Nimekasirika."

Miaka yote ya ndoa, watoto, vita, mpaka na mahema, Mukashema hakuwa amewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akamfikia, akasimama pembeni yake, bega kwa bega, katikati ya njia ambapo kila mtu angewaona.

"Sema tena," akamwambia.